Kadi ya Namba Ishirini na Saba

Kwenye foleni ya bucha mjini Haslow, asubuhi ya Jumamosi, hakuna mtu mwenye haraka. Watu huja kununua nyama, lakini kwanza huja kujua nani kalazwa, nani kauza nyumba, na mvua hii ina mpango gani. Wilfred Ogden alisimama humo macho mbele, kofia mkononi, kama mtu anayengoja treni. Zamu yake ilipofika akasema maneno aliyoyasema kila Jumamosi tangu mwezi wa nne.

"Soseji mbili, tafadhali. Mbili tu."

"Ngojeni kidogo," sauti ikasema nyuma yake. "Huyu mtu namjua."

Alikuwa mzee mnene mwenye fimbo nyeupe, ameegemea kaunta ya pai, uso ameuelekeza darini ili masikio yafanye kazi vizuri.

"Hebu sema tena," mzee akamwambia.

"Niseme nini?"

"Hicho hicho. Ni wewe bwana. Wewe ndiye bwana wa vifo."

Foleni nzima ikageuka. Stan, muuza nyama, akaacha kisu hewani. "Wilf, kumbe ndiyo kazi yako siku hizi? Na sisi tunamlaumu daktari bure."

Watu wakacheka. Wilfred naye akajaribu kucheka, ikatoka kama kikohozi.

"Kwenye kaseti," mzee akaeleza, akifurahi kuwa na habari ambayo wenye macho hawana. "Gazeti la sauti. Naletewa na posta kila Jumamosi. Huyu ndiye anayesoma vifo, na anavisoma vizuri, utadhani kila marehemu alikuwa binamu yake. Lakini bwana, yule mama unayesoma naye yuko wapi? Yule wa kucheka kwa pua. Siku hizi mmetuwekea binti mmoja anasoma kama anaogopa gazeti litamng'ata."

"Amepumzika," Wilfred akasema.

"Basi mwambie mapumziko yakitosha arudi."

Stan, aliyekuwapo kwenye mazishi, aliinamisha macho na kuzifunga zile soseji mbili kwa karatasi ambayo ingetosha bata mzinga.

Njiani kurudi Mtaa wa Garnet, Wilfred alijaribu jambo dogo. Alijaribu kumsikia Edna akicheka kwa pua. Maneno ya mkewe aliyakumbuka, tena mengi. Miaka thelathini na minane ya ndoa humwachia mtu maneno. Lakini yote yalimjia kwa sauti yake yeye mwenyewe, sauti ya bwana wa vifo. Akasimama penye ukuta wa shule, akafumba macho, akajaribu tena. Ilikuwa kama kupapasa rafu ambayo jana tu kitu kilikuwa juu yake. Hata miezi miwili ilikuwa haijatimia sawasawa, na sauti ilikuwa imeshahama.

Wilfred alikuwa mpanga herufi. Miaka arobaini, ukiiondoa ile ya vita, alisimama katika chumba cha chini cha gazeti la mji, Mwangwi wa Haslow, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja mpaka zikawa maneno, na maneno yakawa ukurasa. Ukurasa wake ulikuwa ule ambao watu wa Haslow huufungua kwanza kabla hata hawajavua koti. Wenyewe waliuita "Kaja, Kaoa, Kaondoka": waliozaliwa juu, waliooana katikati, waliofariki chini, na chini ndiko kulikokuwa kurefu.

Sasa, herufi za risasi huchongwa kinyume, kama maandishi unayoyatazama kwenye kioo, ili zikigandamizwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Mpanga herufi hujifunza kusoma kinyume mpaka anasahau kuwa ni kinyume. Kazini Wilfred hakuwa na mpinzani kwa hilo. Nyumbani lilikuwa kichekesho. Akiandaa meza, uma hukaa upande wa kisu. Akielekezwa duka liko upande gani, huenda upande mwingine kwa uhakika kabisa, na Edna humfuata nyuma akimvuta koti. "Kulia, Wilf," angesema. "Kulia kwa wanadamu."

Kompyuta zilipoingia, wapanga herufi walipewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Mwaka mzima Wilfred alikaa jikoni na Mwangwi na penseli nyekundu, akizungushia makosa, kisha Ijumaa akamtumia mhariri gazeti lake likiwa limejaa vipele. Mhariri hakujibu. Edna ndiye aliyemchomoa pale kitini. Alikuwa amesikia kwamba katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa la Wamethodisti kuna watu wanaolisoma Mwangwi kwenye kaseti kwa ajili ya vipofu, na wanataka wasomaji.

"Mimi sina sauti," Wilfred alisema.

"Una sauti ya jeneza, mpenzi wangu," Edna akamjibu. "Tutakupa vifo."

Ikawa hivyo. Kila Alhamisi gazeti likitoka, walikaa bega kwa bega mbele ya kinasa sauti kimoja, wakipokezana. Yeye vifo na mahakama, Edna maua, mashindano ya karata ya akina mama, ratiba ya mabasi na barua za wanaolalamikia mbwa. Kanuni ilikuwa moja, imebandikwa ukutani: soma kilichoandikwa, usiongeze chako. Wilfred aliishika kama amri ya Musa. Edna aliivunja kila wiki. Habari ikimchekesha, hewa ilimtoka puani. Na kulikuwa na ugomvi wao wa kudumu juu ya peremende, kwa sababu Wilfred alipongoja zamu yake alimumunya peremende ya mnanaa, na ile peremende iligonga meno yake, ikasikika kwenye kaseti.

Kaseti zikiisha kunakiliwa, kila moja iliingia kwenye mkoba wa njano wenye kidirisha cha plastiki, na kwenye kidirisha ilichomekwa kadi. Upande mmoja wa kadi, anwani ya msikilizaji. Upande wa pili, anwani ya ukumbi. Msikilizaji akishasikiliza, anaigeuza kadi, anautia mkoba kwenye sanduku jekundu la posta, hata stempu hahitaji. Ili asiyeona ajue upande upi ni upi, kona moja ya kadi ilikatwa. Ukipapasa na kukuta pengo juu, mkono wa kulia, ujue mkoba unarudi ukumbini. Kila msikilizaji alikuwa na mkoba mmoja. Usiporudi, hapelekewi mwingine.

Na kaseti zikirudi, hufutwa. Hiyo ilikuwa kazi ya Cyril Barnes, ambaye zamani alikuwa mwongoza ishara wa reli, mtu ambaye hajawahi kuchelewa hata kwa mambo yasiyo na saa. Alikuwa na kisanduku cha sumaku mezani. Anaipitisha kaseti juu yake, kisanduku kinanguruma, na wiki nzima ya Haslow inafutika.

Edna alisoma mara ya mwisho tarehe kumi na tisa Machi. Siku hiyo Wilfred alikuwa pia ameandika kadi mpya zote, kwa mwandiko wake wa kupendeza, maana za zamani zilikuwa zimechakaa. Wiki mbili na nusu baadaye moyo wa Edna ulisimama, ngazini, akiwa na kikapu cha nguo. Alhamisi iliyofuata Wilfred alivaa tai, akaenda ukumbini, akaketi kwenye kiti chake. Walimwambia arudi nyumbani. Akasema gazeti limetoka. Akasoma vifo kwa kufuata alfabeti, na alipofika kwenye herufi yake akasoma: "Ogden, Edna. Ghafla, nyumbani, Mtaa wa Garnet. Mke mpendwa wa Wilfred. Hakuna maua, kwa ombi la familia." Akasoma Pickering, kisha Rushworth. Hakuongeza chake.

Jumamosi ile ya soseji alizila zote mbili amesimama. Alhamisi ikafika, akaenda ukumbini saa nzima kabla ya wakati.

"Cyril," akasema, "kaseti za mwezi wa tatu huwa mnaweka akiba?"

"Akiba ya nini? Zote zimefutwa, ndugu yangu. Tunazo arobaini na tatu tu, zinazunguka kama viti vya bembea." Cyril alimtazama juu ya miwani. "Kuna lalamiko?"

Wilfred alikuwa na jibu la kweli, nalo lilikuwa fupi. Huko kwao mwanamume hamwambii mwenzake jambo kama lile saa tatu asubuhi mbele ya birika la chai.

"Hapana. Ni hesabu tu," akasema. "Nataka kujua mzunguko."

"Aa, mzunguko," Cyril akafurahi, maana mzunguko ulikuwa lugha yake. Akatoa daftari. Kila mkoba ulikuwa na mstari wake, alama ya kutoka, alama ya kurudi. Wilfred alishuka na kidole. Machi kumi na tisa: zimetoka zote. Zimerudi, zimerudi, zimerudi. Kidole kikasimama.

"Namba ishirini na saba haikurudi."

"Bibi Ivy Lomax, Mtaa wa Tenter," Cyril akasema bila kutazama. "Wiki ya kumi sasa. Wiki tatu zikipita tunahesabu kuwa ametutoka, au amehamia kwa watoto."

"Mlimpigia simu?"

"Wilf, umpigie mtu simu umuulize kama amekufa?"

Siku hiyo Wilfred alisoma vifo kwa makini kuliko kawaida, na alipoona herufi ya L inakaribia alishusha pumzi polepole. Hapakuwa na Lomax. Akapekua nyumbani magazeti yote ya wiki kumi, maana hakuwahi kutupa hata moja. Hapakuwa na Lomax.

Ilimchukua siku sita kupata ujasiri. Jumatano mchana, mvua ya rasharasha, akapanda Mtaa wa Tenter na kubisha mlango wa kijani.

"Uko wazi," sauti ikaita. "Kama unauza, mimi sioni, kama unahubiri, mimi sisikii."

Akaingia. Bibi mdogo kama ndege alikaa karibu na dirisha, blanketi magotini. Kando yake meza, na juu ya meza redio ya kaseti, kikombe, na sahani ya biskuti.

"Mama Lomax, samahani kukusumbua. Natoka kwenye gazeti la..."

"Bwana wa vifo," akasema bibi, na uso wote ukachangamka. "Mungu wangu, umekuja mwenyewe. Nimekufa? Ungenitumia barua."

"Hapana, mama. Hujafa."

"Nashukuru kuambiwa na mtaalamu. Kaa, kijana."

Wilfred, mwenye miaka sitini na sita, alikaa. "Ni habari ya mkoba wako, mama. Haukurudi kwetu tangu mwezi wa tatu."

"Haukurudi vipi? Kila Jumatatu nautia kwenye sanduku, na kila Jumatano posta inaniletea. Na kila Jumatano ni gazeti lile lile. Wiki ya kwanza nikasema wamekosea. Ya pili nikasema gazeti limefilisika, wanatupa viporo. Ya tatu nikaacha kusema. Ukifika umri wangu, habari za wiki hii na za mwezi wa tatu ni ndugu wa tumbo moja." Akacheka. "Nimeizoea, ujue. Wewe na yule mama. Asubuhi nawasha, mnaongea, nami nakunywa chai. Kuna siku mlikuwa watu pekee mlionisemesha kuanzia Jumapili mpaka Jumatano."

"Na kadi, mama? Ulikuwa unaigeuza?"

"Niigeuze kwa nini? Kila ikija, pengo liko juu, kulia, tayari. Nikasema watu hawa wana huruma, wameshanigeuzia wenyewe."

Wilfred akatazama mikono yake iliyokuwa magotini. Alikumbuka sasa. Kadi ya ishirini na saba ilikuwa imedondokewa na wino, akaiandika upya ya mwisho kabisa, peke yake, bila ya mfano mbele yake. Na Edna alikuwa ameshavaa koti, anasema amechoka, twende. Akaikata kona kwa haraka, kwa macho ya mpanga herufi. Kulia kwa kioo. Kwa hiyo kila bibi huyu alipofanya sawa, posta ilimrudishia mkoba wake mlangoni, na kisanduku cha Cyril hakikuugusa.

Kulia kwa wanadamu, Wilf. Hata hayo yalimjia kwa sauti yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "hiyo kaseti iko wapi?"

"Ndiyo nataka kukwambia, utafurahi. Asubuhi hii Maureen, yule wa halmashauri anayekuja kunifagilia, ameutazama mkoba akasema, Ivy, mbona unajiandikia barua mwenyewe? Akanieleza. Tumecheka mpaka kakaa chini. Basi akaigeuza, na akaenda nayo sandukuni pale pembeni. Kesho asubuhi mtakuwa nayo." Alinyoosha mkono hewani akaupata mkono wa Wilfred, akaupapasa. "Mbona baridi hivi? Mwambie mwenzako samahani kwa kumchosha wiki zote hizi. Na mwambie ratiba ya basi la Burley aisome polepole. Hajambo lakini?"

Katika nyumba ile bado ilikuwa tarehe kumi na tisa Machi. Wilfred hakuwa na moyo wa kuibandua kalenda.

"Hajambo," akasema.

Jioni aliketi ngazini kwake, simu imo katika mkono wake wa kushoto. Namba ya Cyril aliijua kwa kichwa. Kazi ilikuwa kusema sentensi moja: usiifute ya ishirini na saba, Edna yumo ndani. Akaijaribu kwa sauti, ndani ya nyumba tupu, na ilipotoka ilisikika kama mtu mwingine anaomba msaada, mtu ambaye Wilfred angemwonea aibu. Akarudisha simu mahali pake. Cyril huanza kufuta saa tatu kamili, alijiambia. Hajawahi kuanza saa tatu kasoro dakika. Nitafika saa mbili na nusu, nitaichukua mkobani, nami sitakuwa nimemwambia mtu kitu.

Saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi alisukuma mlango wa chumba cha nyuma. Kisanduku kilikuwa kinanguruma.

"Umeisikia habari?" Cyril aliuliza, uso unang'aa. "Ishirini na saba kafufuka. Posta imeleta sasa hivi. Miaka sita ya kazi hii sijaona mkoba unarudi baada ya wiki kumi na moja. Nikasema leo bibi huyu asingoje foleni, awe wa kwanza kupata mpya. Nimeanza na yake."

Alimpa Wilfred kaseti mkononi. Ilikuwa bado na uvuguvugu wa mashine.

"Umeshaifuta?"

"Safi kama maziwa. Si ndiyo ulikuwa unaiulizia, ya mzunguko?"

Wilfred aliigeuza kaseti, upande wa kwanza, upande wa pili. Nyuma ya kijidirisha chake utepe ulikuwa umejikunja mwembamba na mweusi, haukuwa tofauti hata kidogo na ulivyokuwa jana.

"Ndiyo," akasema. "Umefanya vizuri, Cyril. Asante."

"Umekuwa mweupe. Kunywa chai."

Akanywa. Kisha akaketi kwenye kiti chake, binti mpya akaketi kwenye kile kingine, taa nyekundu ikawaka, na Wilfred akasoma vifo vya wiki ile kwa kufuata alfabeti, wote kumi na wanne, hakuruka hata jina la mjukuu. Baadaye aliomba mkasi na kadi tupu. Akaandika kadi ya ishirini na saba upya, akaiweka mezani, akakaa nayo muda mrefu akiinyooshea kidole: hapa, si hapa. Akaikata. Akamwambia Cyril mkoba huu asiutie posta, ataupeleka mwenyewe.

Ijumaa mvua ilikuwa imekatika. Mlango wa kijani ulikuwa wazi kama kawaida.

"Bwana wa vifo tena," akasema Bibi Lomax. "Watu watasema."

"Nimekuletea mpya, mama. Na kadi nimeirekebisha. Kosa lilikuwa langu, niliikata kinyume."

"Weka hapo." Hakuonyesha hamu. Akaipapasa kadi, akalikuta pengo, akaitikia kwa kichwa. "Humu ndani ni watu gani?"

"Mimi. Na binti mmoja anaitwa Janice."

"Janice." Alilionja jina lile kama chai iliyosahauliwa sukari. "Na yule mama?"

Wilfred alikuwa bado amesimama, koti halijavuliwa. Ukutani pale hapakuwa na kanuni iliyobandikwa.

"Alifariki tarehe sita mwezi wa nne," akasema. "Juzi nilikudanganya. Alikuwa mke wangu. Anaitwa Edna. Nilikuja kwa sababu sauti yake ilikuwa imebaki kwenye kaseti yako tu, na jana nimefika imeshafutwa."

Aliyasema yote hayo kwa mkupuo, na alipomaliza alijikuta anahema kama aliyepanda kilima. Nje, gari la maziwa lilipita na chupa zake.

"Kwa hiyo nimempeleka mwenyewe," akasema bibi. "Mimi na Maureen. Tena tukicheka."

"Hukujua, mama."

"Sikujua. Kaa chini, mwanangu."

Akakaa. Bila kufikiri akatia mkono mfukoni, akatoa peremende, akaiweka mdomoni kwa sababu mdomo ulihitaji kazi. Bibi Lomax aliinua uso kidogo kuelekea darini. Akakunja mikono yake midogo juu ya blanketi, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji.

"Mwangwi wa Haslow, Alhamisi, tarehe kumi na tisa Machi," akasema. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba, ya miaka themanini na tisa. Lakini mwendo haukuwa wake. "Tunaanza na waliofariki. Hapo ni wewe, nakuruka, una watu tisa. Sasa yeye. Chama cha Bustani kinawakumbusha wanachama kuwa mkutano wa Jumanne, hapo anageuza karatasi, mkutano wa Jumanne utafanyika Jumatano." Akatoa hewa puani, fupi, mara mbili. "Hapo anacheka."

Wilfred hakusogea.

"Washindi wa karata: wa kwanza Bibi Doris Heap, wa pili Bibi Heap mwingine, si ndugu. Anacheka tena, lakini anaificha. Basi la Burley, kuanzia Jumatatu." Akazikimbiza zile saa zote bila kituo, kumi na ishirini, kumi na arobaini, kumi na moja na tano, kwa haraka ile ile aliyokuwa ameilalamikia, na mwishoni akapumua kwa nguvu, kama Edna alivyopumua kila alipofika mwisho wa ratiba, kama mtu aliyeuwahi mlango wa basi lenyewe. Barua ya mtu wa Mtaa wa Chapel kuhusu mbwa. Barua ya mwenye mbwa. Alizisoma zote, na penye kikohozi alikohoa, na penye kimya alikaa kimya kwa kiasi kile kile.

Kisha akasimama kidogo, akapunguza sauti, akaelekeza mdomo pembeni, upande aliokuwa ameketi Wilfred.

"Na hapa kuna kitu ambacho sijawahi kukielewa," akasema. "Ananong'ona. Anasema: Itafune au iteme, Wilf."

Peremende iligonga jino, ikasikika.

"Aa," akasema Bibi Lomax.

Wilfred aliitafuna. Ilimchukua muda.

"Endelea, mama," akasema.

"Baada ya hapo ni tangazo la zulia," akasema bibi. "Si kitu."

"Endelea tu."